Kachchh: wilaya isiyosomeka kwa tarakimu moja

Tangu mwisho wa Desemba 2025 mipaka ya utawala nchini India imefungwa. Hadi Machi 31, 2027 hakuna jimbo litakaloruhusiwa kuunda wilaya, kuhamisha kijiji kutoka taluka moja (sehemu ya wilaya) kwenda nyingine wala kupanua manispaa, kwa sababu nchi inahesabu watu wake kwa mara ya kwanza tangu 2011. Serikali ya jimbo la Gujarat ilikimbizana na tarehe hiyo ya kufungwa. Januari 2025 iliridhia kuimega wilaya ya Banaskantha ili ipatikane wilaya ya 34, Vav-Tharad. Mwezi huohuo ilipandisha miji tisa kuwa majiji, na Septemba ikaongeza taluka 17, zikafika 265 kutoka 248. Katika pilikapilika zote hizo Kachchh, wilaya kubwa kuliko zote India kwa eneo, haikuguswa ila kwa jambo moja: mji wake wa Gandhidham uliingia katika ile tisa. Kwa mengine ilibaki wilaya moja yenye taluka kumi, makao makuu yakiwa Bhuj.

Wanaotaka Kachchh igawanywe wanauona mwaka huo wa 2025 kama nafasi iliyopotea. Wanaotaka ibaki nzima wananyoosha kidole kwenye sensa ya 2011: watu 46 tu kwa kilomita ya mraba, kuna nini cha kugawa? Pande zote mbili zinategemea tarakimu zisizojibu swali lao. Eneo la Kachchh halionyeshi ugumu wa kuitawala, na msongamano wake hauonyeshi wepesi huo. Kinachojibu ni namna watu walivyokaa ndani ya zile taluka kumi, na wanavyosafiri kufika kwa ofisa mwenye mamlaka ya kusaini jambo lao. Kwa kipimo hicho, mstari unaopendekezwa mara nyingi, wa kukata mashariki na magharibi, utamsaidia zaidi aliye karibu na kumwacha aliye mbali palepale alipo.

Kachchh iliwahi kuwa dola ya kifalme hadi 1948, ikatawaliwa moja kwa moja na serikali kuu, ikaunganishwa na jimbo la Bombay Novemba 1, 1956, kisha ikaingia Gujarat jimbo hilo lilipozaliwa Mei 1, 1960. Dola nzima iligeuzwa wilaya moja bila kukatwa, na ndiyo sababu ya ukubwa wake: kilomita za mraba 45,674. Juu kabisa yupo kolekta, ambaye ni mkuu wa wilaya kwa mambo ya ardhi, usalama na maafa. Chini yake kuna maofisa wa prant, kila mmoja akisimamia kundi la taluka. Taluka inaendeshwa na mamlatdar, na kijijini kuna talati anayetunza daftari la ardhi. Sambamba na safu hiyo ipo safu ya mabaraza ya kuchaguliwa, kuanzia baraza la wilaya lenye ofisa wake wa maendeleo, baraza la taluka, hadi baraza la kijiji chini ya sarpanch, mwenyekiti wake. Mwananchi anayetaka hati ya shamba inayoitwa saba-kumi-na-mbili huipata kwenye kituo cha e-Dhara katika ofisi ya taluka. Anayekata rufaa dhidi ya uamuzi wa mamlatdar huenda prant, kisha kwa kolekta. Kwa hiyo swali la umbali halina jibu moja. Yapo mambo yanayoishia taluka, na yapo yanayomlazimu mtu kufika Bhuj.

Sensa ya 2011 iliikuta Kachchh na watu 2,092,371, nao walikaa hivi: Bhuj 443,269, Gandhidham 327,166, Anjar 235,537, Rapar 217,315, Mandvi 203,373, Bhachau 186,035, Mundra 153,219, Nakhatrana 146,367, Abdasa 117,538, na Lakhpat 62,552. Orodha hii ina mambo zaidi kuliko jumla yake. Taluka tatu za magharibi, Lakhpat, Abdasa na Nakhatrana, zinazochukua sehemu kubwa ya ramani kuanzia katikati ya wilaya hadi ghuba ya Kori mpakani na Pakistan, zina watu 326,457 kwa pamoja. Gandhidham peke yake, taluka ndogo iliyojengwa kuzunguka bandari ya Kandla, inazizidi kwa watu 709. Mwenye kutazama wastani wa wilaya hawezi kuliona hilo, kwa kuwa wastani umechanganya mji wa bandari na malisho yenye kijiji kimoja hapa na kingine kule, ukatoa namba isiyofanana na mahali popote.

Ile 46 nayo ina kasoro yake, na si ndogo. Inapatikana kwa kugawa watu wote kwa eneo lote, na eneo lote linajumlisha Rann, ile nyika ya chumvi na tope inayofunikwa na maji wakati wa masika ya Kihindi na kukauka nyeupe baadaye. Karibu nusu ya Kachchh ni Rann. Hakuna vijiji vya kudumu katikati yake, barabara ni chache, na hata mamlatdar hana mtu wa kumhudumia huko kwa miezi mingi. Ukiiondoa, msongamano wa nchi inayokalika unakaribia mara mbili ya unaoandikwa vitabuni. Wanaosema Kachchh ni tupu wanahesabu chumvi kama makazi. Wanaosema ni kubwa mno kwa kolekta mmoja nao wanahesabu chumvi kama kazi ya kolekta. Kosa ni lilelile, limetumika pande mbili.

Kufungwa kwa mipaka kumeeleweka vibaya vilevile, kana kwamba ni urasimu wa Delhi wa kuzuia majimbo. Anayejua sensa inavyoendeshwa anaona kwamba bila kufunga huko kazi isingewezekana. Kolekta ndiye ofisa mkuu wa sensa wilayani. Mamlatdar ndiye anayebeba taluka yake, na mjini kazi hiyo hubebwa na ofisa wa manispaa. Kila mmoja wao hukabidhiwa orodha ya vijiji au kata zake, na kila kijiji kina namba yake ya utambulisho, hata kile kisicho na mkazi. Orodha hiyo ndiyo inayokatwa kuwa maeneo ya kuhesabia, kwa kawaida watu 600 hadi 800 kwa karani mmoja, na makarani sita hivi chini ya msimamizi mmoja. Eneo la kuhesabia haliruhusiwi kuvuka mpaka wa kijiji wala wa kata ya mji. Sasa chukua kijiji kilichohamishwa kwa tangazo la gazeti la serikali katikati ya zoezi. Taluka ya zamani inacho kwenye orodha yake, taluka mpya imeshakipokea. Ama kitahesabiwa mara mbili, ama kila mamlatdar atadhani mwenzake amekihesabu na kisihesabiwe kabisa. Kosa la namna hiyo halionekani hadi majedwali yajumlishwe, wakati makarani, ambao wengi wao ni walimu wa shule za msingi, wamesharudi madarasani.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi safari hii. Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya korona, na muda wa kufunga mipaka ukasogezwa tena na tena kabla haujaachiwa. Mwaka 2011 India ilikuwa na wilaya 640. Leo zimezidi 780. Wilaya zote zilizozaliwa katikati hazina idadi ya watu iliyopata kuhesabiwa kwa mipaka yake. Namba zinazotajwa kwa ajili yake zimeundwa upya kwa kujumlisha vijiji na taluka za 2011. Morbi, jirani ya Kachchh ng'ambo ya daraja la Surajbari, ni mfano mzuri. Iliundwa Agosti 2013 kwa kuchukua Morbi, Maliya, Tankara na Wankaner kutoka Rajkot, na Halvad kutoka Surendranagar. Taluka ikihamishwa nzima, kujumlisha ni rahisi. Ikikatwa vipande, inabidi ushuke hadi kijiji kimoja kimoja, na hapo ndipo wengi huchoka na kubandika namba ya wilaya ya zamani kwenye jina jipya. Kachchh imeepuka fujo hiyo. Mipaka yake ya nje ya 2011 ndiyo ya leo, na taluka zake ni zilezile kumi. Wilaya nyingi za India zingetamani kuwa na mfululizo wa takwimu kama huo, na ni sababu nzito ya kutoichana kabla ya kuhesabu.

Mfululizo huo, hata hivyo, una shimo moja ambalo kila anayenukuu ukuaji wa Kachchh anapaswa kulijua. Tetemeko la Januari 26, 2001 lilipiga wiki mbili tu kabla makarani wa sensa hawajaanza kupita nyumba kwa nyumba. Bhuj, Bhachau, Anjar na Rapar ziliharibiwa vibaya. Idadi ya waliokufa Gujarat nzima hutajwa kati ya 13,000 na 20,000 kutegemea nani anahesabu, na wengi wao walikuwa watu wa Kachchh. Sensa haikuwezekana wilayani kote, wala katika taluka za Morbi, Maliya na Wankaner za Rajkot na Jodiya ya Jamnagar. Majedwali ya mwanzo ya 2001 yaliweka makadirio, na hesabu yenyewe ikafanywa baadaye, wakati familia nyingi zilikuwa kwenye mahema au kwa ndugu zao wilaya nyingine. Namba iliyobaki vitabuni ni 1,583,225. Ukuaji wa asilimia 32.16 hadi 2011, dhidi ya asilimia 19.28 ya Gujarat nzima, umejengwa juu ya msingi huo. Ukuaji ulikuwepo kweli, ila sehemu yake huenda ni watu waliokuwa wanarudi nyumbani, na mtu akiuchukua wote kama kasi ya kudumu na kuutumia kukadiria Kachchh ya 2026 atakuwa amebeba tetemeko ndani ya hesabu yake bila kujua.

Sehemu nyingine ya ukuaji huo ina alama yake katika uwiano wa jinsia. Mwaka 2001 Kachchh ilikuwa na wanawake 942 kwa kila wanaume 1,000. Mwaka 2011 walishuka hadi 908. Wilaya inayokua kwa vizazi haishuki hivyo ndani ya miaka kumi. Baada ya tetemeko serikali kuu ilitoa msamaha wa ushuru kwa viwanda vipya, bandari ya Mundra ikapanuka, mitambo mikubwa ya umeme wa makaa ikajengwa kando yake, viwanda vya mabomba na nguo vikaota Anjar, na maelfu ya vijana wa kiume wakaja kutoka Bihar, Uttar Pradesh, Odisha na Rajasthan bila familia. Wengi wao hulala kwenye mabweni na kambi za makandarasi. Safari hii kuna kambi mpya kabisa upande wa kaskazini, Khavda, ambako bustani ya umeme wa jua na upepo inayolenga gigawati 30 inajengwa kwenye ukingo wa Rann, mahali ambapo 2011 pangeweza kuandikwa sifuri.

Je, watu hawa wanahesabiwa wapi? Msomaji wa Tanzania aliyehesabiwa Agosti 2022 amezoea utaratibu wa usiku mmoja: unahesabiwa pale ulipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. India inafanya tofauti. Karani hupita kwa wiki kadhaa, Februari 2027 safari hii, na humwandika mtu kwenye makazi yake ya kawaida iwapo atakuwepo wakati wowote ndani ya kipindi hicho. Asiyekuwepo kipindi chote haandikwi hapo, anatakiwa aandikwe alipo. Wasio na makazi huhesabiwa usiku wa mwisho kabisa. Kisha makarani hurudi siku chache kurekebisha vizazi na vifo hadi saa sita ya usiku wa kuamkia Machi 1. Utaratibu huo unafaa vijijini palipotulia. Kwa Kachchh unategemea sana nani amekumbuka kuweka kambi fulani kwenye orodha. Mkandarasi mdogo mwenye vibarua themanini kwenye vibanda vya mabati anaweza kukosa eneo la kuhesabia kwa sababu tu alihamia hapo baada ya nyumba kuorodheshwa, kazi iliyopangwa kati ya Aprili na Septemba 2026.

Ndani ya Rann Ndogo, sehemu ya kusini-mashariki ya nyika ile ya chumvi, tatizo ni la zamani zaidi. Wavuna chumvi, agariya, huingia humo mvua ikiisha, yapata Oktoba, na hukaa na familia zao kando ya madimbwi ya chumvi hadi joto la Aprili au Mei. Februari ndiyo katikati ya msimu wao. Lakini ardhi wanayoifanyia kazi haikuwahi kupimwa na hujulikana serikalini kama shamba namba sifuri. Si kijiji, haina talati, na wilaya kadhaa zinaigusa pembezoni. Familia ya agariya huandikwa vizuri pale tu karani wa kijiji chake cha asili anapojua kwamba atarudi kabla ya kipindi kuisha, au karani mwingine anapotumwa kuwafuata kwenye chumvi. Vivyo hivyo wafugaji wa Banni, nyanda za majani kaskazini mwa Bhuj, ambao katika mwaka wa ukame husogea na nyati wao hadi wilaya za mbali. Banni yenyewe ilitangazwa msitu wa hifadhi 1955 na haki zake za ardhi hazijamalizika kusuluhishwa, kwa hiyo vijiji vyake vina mabaraza na wapiga kura lakini havina daftari la ardhi kama vya kusini.

Upande wa pili wa shilingi uko kwenye vijiji vya jamii ya Leva Patel vilivyouzunguka mji wa Bhuj, kama Madhapar, Sukhpar, Kera na Baladia. Kwetu pwani majina haya si mageni. Kutoka Mandvi na Mundra walikuja wafanyabiashara walioshika forodha ya Zanzibar karne ya 19, akiwemo Jairam Shivji wa Mundra, na wengi wa Wahindi wa Nairobi na Mombasa wanaosali kwenye mahekalu ya Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, wana nyumba ya ukoo katika vijiji hivyo. Nyumba hizo ni kubwa, za mawe na marumaru, na nyingi zimefungwa. Kwenye orodha ya nyumba zinahesabiwa. Kwenye hesabu ya watu hazina mtu, kwa sababu aliyeko Nairobi au London kipindi chote si wa kuandikwa. Kijiji kinaweza kuwa na matumizi ya umeme, amana za benki na maombi ya viwanja ya mji mdogo, huku hesabu ya watu ikikionyesha kidogo. Ofisa anayepanga maji kwa idadi ya watu peke yake atakosea hapo, na atakosea zaidi Desemba na Januari, wageni wanapofika.

Kosa jingine la kawaida ni kudhani kwamba jina Kachchh lina maana moja. Jimbo la uchaguzi la Kachchh katika bunge la Delhi lina viti saba vya bunge la Gujarat ndani yake: Abdasa, Mandvi, Bhuj, Anjar, Gandhidham na Rapar, vyote vya wilaya hii, na cha saba ni Morbi, ambacho kiko wilaya nyingine kabisa. Anayechukua wapiga kura wa jimbo na kuwagawa kwa idadi ya watu wa wilaya anapata kizunguzungu. Polisi nao wameshaigawa: Kachchh Magharibi inaongozwa kutoka Bhuj na Kachchh Mashariki kutoka Gandhidham. Miji ina namba mbili au tatu kila mmoja. Bhuj ya 2011 ilikuwa na watu zaidi ya 143,000 ndani ya mpaka wa manispaa, na takriban 188,000 ukijumlisha mitaa iliyoshikana nayo. Tena kuna miji ya sensa, yaani vijiji vinavyohesabiwa kuwa miji kwa sababu vina watu wasiopungua 5,000, robo tatu ya wanaume wenye kazi kuu hawalimi, na msongamano unafika 400 kwa kilomita ya mraba. Takwimu zinakiita mji, lakini kinaendeshwa na sarpanch na bajeti ya kijiji. Ile asilimia 35 hivi ya wakazi wa mjini Kachchh imechanganya vyote.

Sasa turudi kwenye hoja ya kugawa, na tuipe haki yake. Kutoka Lakhpat hadi Bhuj ni zaidi ya kilomita 130, na kutoka Rapar hadi Bhuj si pungufu ya hapo. Kolekta mmoja anashughulikia mpaka wa kimataifa, bandari mbili kubwa, vimbunga, ukame, migogoro ya ardhi ya viwanda na kumbukumbu za vijiji zaidi ya 900. Gujarat imeshaonyesha kwamba haitazami idadi ya watu inapounda wilaya. Ahmedabad ilikuwa na watu 7,214,225 mwaka 2011, na Dang 228,291, na zote ni wilaya. Hakuna sheria ya taifa inayosema wilaya iwe na watu wangapi. Jimbo linaamua na kutangaza. Hoja za upande wa pili nazo zina uzito. Kachchh ina lugha yake, historia ya dola moja, na foleni moja ya kudai maji ya mfereji wa Narmada. Sehemu mbili zinaweza kuanza kushindana kwa maji hayohayo, na kolekta wa pili, ofisi, nyumba za watumishi na mahakama ni gharama ya kila mwaka.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya msongamano mdogo. Watu wachache waliotawanyika ni ghali zaidi kuwahudumia kuliko wengi waliobanana, kwa sababu kila huduma, iwe daktari wa mifugo, basi la shule au karani wa ardhi, inasafiri zaidi kwa kila mtu mmoja. Watu 62,552 wa Lakhpat wanahitaji ofisi nyingi zaidi kwa kila elfu yao kuliko watu wa Gandhidham, ambao wengi wao wanaweza kufika ofisini kwa baiskeli. Kama msongamano mdogo ungekuwa sababu ya kutopeleka utawala, basi waliokaa mbali wangeadhibiwa kwa kukaa mbali.

Lakini fuata hesabu ya mstari wa mashariki na magharibi, kama polisi walivyoukata, uone unamfaa nani. Mashariki: Gandhidham, Anjar, Bhachau na Rapar, jumla watu 966,053. Magharibi: Bhuj, Mandvi, Mundra, Nakhatrana, Abdasa na Lakhpat, jumla 1,126,318. Kwenye karatasi ni mgawanyo mzuri, asilimia 46 kwa 54. Barabarani ni hadithi nyingine. Makao makuu ya mashariki yangekuwa Gandhidham, kwa kuwa ndiko ziliko ofisi na pesa. Wakazi wa Gandhidham na Anjar, ambao tayari wako umbali wa saa moja na kitu kutoka Bhuj kwa barabara nzuri, wangepata kolekta mlangoni. Rapar ingepunguziwa safari kiasi tu, kwa sababu Gandhidham nayo iko karibu kilomita 100 kutoka huko. Na Lakhpat? Ingebaki na Bhuj ileile, barabara ileile. Wilaya ingekuwa imegawanywa kwa jina la aliye mbali, na aliye mbali kuliko wote asingesogezewa chochote. Magharibi ingebaki pia bila Kandla, ikitegemea Mundra peke yake kwa mapato ya viwanda, huku ikibeba taluka zote tatu zenye watu wachache zaidi.

Dawa yenye maana iko ngazi ya chini, na taluka zenyewe zinaionyesha. Bhuj yenye watu 443,269 inaanzia vijiji vya Leva Patel kusini mwa mji, inapita Banni, inafika Khavda na kugusa Rann ya mpakani. Ni taluka mbili zilizofungwa kamba moja: ya kusini inahitaji mipango miji na maji taka, ya kaskazini inahitaji madaktari wa mifugo, usuluhishi wa haki za malisho na ukaguzi wa kambi za wafanyakazi. Khavda ikiwa taluka yenye mamlatdar wake, mfugaji wa Banni ataacha kugombania foleni na waombaji wa viwanja vya Bhuj. Magharibi, madaraka ya prant yakiongezwa hadi rufaa nyingi za ardhi na vibali vya kubadili matumizi ya shamba viishie Nakhatrana, mkazi wa Lakhpat atafupishiwa safari kuliko ambavyo wilaya mpya ya Gandhidham ingeweza kumfanyia.

Haya yanahitaji tarakimu za 2027, na hapo ndipo kufungwa kwa mipaka kunapogeuka kuwa msaada. Katiba ya India inahesabu watu kwa sensa ya mwisho iliyochapishwa inapogawa viti vya mabaraza ya vijiji, kwa hiyo hadi leo Mundra na vijiji vyake vinagawiwa viti kwa watu wa 2011, kabla ya majengo yake mengi ya sasa kujengwa. Sheria ya chakula ya 2013 nayo inapanga idadi ya wanufaika kwa sensa hiyohiyo. Baada ya 2027 kunatarajiwa pia kuchorwa upya kwa majimbo ya uchaguzi, na wachoraji hutegemea sana vijiji na taluka kama matofali yao. Tofali likiwa limekaa vibaya, jimbo nalo litakaa vibaya kwa miaka mingi. Kwa hiyo dirisha muhimu kwa Kachchh ni lile litakalofunguka Aprili 2027, kati ya kutoka kwa namba mpya na kuanza kwa uchoraji huo.

Wakati huo ukifika, tazama kwanza majedwali ya vijiji vya kisiwa cha Khadir, kule yaliko magofu ya mji wa kale wa Dholavira. Kwenye karatasi ni vya taluka ya Bhachau. Kwa barabara kuu ya miaka yote, mkazi wa Khadir anayekwenda Bhachau anavuka Rann, anaingia Rapar, anaipita ofisi ya mamlatdar wa Rapar, kisha anaendelea makumi ya kilomita hadi kwa mamlatdar wake. Kuvihamishia Rapar kunahitaji tangazo moja la gazeti la serikali, orodha ya vijiji yenye namba zake za utambulisho, na daftari za talati kusafirishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Hakuhitaji wilaya mpya, wala jengo jipya.